Chombo Ndani ya Nyumba: Mtepe, Beit al-Ajaib na Maswali ya Watoto

Mwaka 2003 kiliundwa Unguja chombo ambacho macho ya pwani yalikuwa hayajakiona kwa miongo mingi. Kilikuwa mtepe, na wenyewe wakaupa jina la Shungwaya, kwa ukumbusho wa ile nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya Wamijikenda na ya baadhi ya Waswahili wa kaskazini. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, kama zilivyoshonwa mbao za mitepe tangu zama ambazo hazina mwandishi. Chombo hicho kikawekwa katika ukumbi wa ndani wa Beit al-Ajaib, Forodhani, hatua chache kutoka majini, na kikawa moyo wa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao wa Waswahili.

Ni jambo la ajabu kukiona chombo ndani ya nyumba. Chombo makazi yake ni bahari, na kikipanda nchi kavu hupanda kwa haja: kutiwa kalfati, kupakwa sifa au kungoja upepo. Shungwaya ulipanda nchi kavu ili usimulie. Na waliousikiliza kwa makini kuliko wote hapana shaka walikuwa watoto.

Mtu mzima aingiapo makumbusho husoma kwanza kibao, ndipo akatazama kitu. Mtoto hutazama kitu, na akipata upenyo hukigusa, kisha akauliza. Kibao hakimshughulishi. Kwa sababu hiyo mtoto ni mgeni mgumu, na nyumba ya makumbusho isiyoweza kumjibu mtoto huwa imejengwa kwa ajili ya wale wanaojua tayari. Mbele ya mtepe maswali yake hayawi mengi, lakini kila moja lina karne kadhaa ndani yake.

Swali la kwanza ni la macho. Omo ya mtepe ilinyanyuka kwenda mbele kama shingo ndefu, na juu yake paliandikwa jicho kila upande. Wazee wa visiwa vya kaskazini walisimulia kuwa shingo ile ni mfano wa ngamia jike wa Mtume, na simulizi hiyo imedumu kwa sababu ina picha ambayo mtu akishaiona haiwezi kumtoka. Mtoto haoni taabu kukubali kwamba chombo kina macho. Kwake yeye lililo geni ni chombo kipofu. Na hapo mwenye kumwongoza ana nafasi ya kumweleza kwamba watu walioandika macho yale walikiona chombo kuwa mwenza wa safari, si kipande cha mbao tu.

Swali la pili ni la uzi. Vipi mbao hushonwa kama nguo? Jibu lake laanza mbali na Forodhani, katika vidimbwi vya matope vya pwani ya mashariki ya Unguja, ambako makumbi ya nazi hufukiwa kwa miezi mingi mpaka yaoze, kisha wanawake huyafukua, wakayaponda, wakayasafisha na kusokota usumba kuwa kamba. Kamba hiyo ndiyo iliyobeba biashara ya bahari hii. Fundi alitoboa tundu kwenye kingo za mbao, akaziunganisha kwa vijiti vya mti vilivyopigwa ndani ya unene wa ubao, akapitisha kamba, akaikaza, akaziba tundu kwa vijiti vingine. Kamba zilizobaki nje zilikatwa ili zisisuguliwe na miamba. Zilizo ndani zikabaki kuonekana, safu baada ya safu, kama pindo la kanzu lililogeuzwa. Tanga lilikuwa jamvi la pembe nne lililosukwa kwa miyaa.

Hivyo basi mtepe ulikuwa kazi ya mikono ya wanaume na ya wanawake pamoja, ingawa masimulizi ya bahari huwataja manahodha zaidi. Mtoto wa kike anayesimama mbele ya chombo hicho anastahiki kuambiwa kwamba pasipo bibi aliyeponda makumbi, nahodha asingetoka bandarini.

Ushahidi wa vyombo vya kushonwa ni wa kale mno. Mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika katika karne ya 1 kitabu cha mwongozo wa Bahari ya Kihindi, kijulikanacho kwa jina la Periplus. Alipofika katika maelezo ya pwani yetu alikitaja kisiwa cha Menouthias, chenye mitumbwi na vyombo vidogo vya kushonwa, na bandari ya Rhapta, ambayo jina lake, asema yeye, limetokana na vyombo hivyohivyo vilivyoshonwa. Wataalamu wangali wakibishana kama Menouthias ni Unguja, Pemba au Mafia. Lakini liwe lolote, bandari ya kwanza ya pwani hii kuandikwa kitabuni iliitwa kwa jina la sindano na uzi.

Karne kumi na moja baadaye, katika miaka ya 1180, msafiri Ibn Jubayr alivikuta vyombo vya namna hiyo Aydhab, katika Bahari ya Shamu, akaeleza jinsi vilivyoshonwa kwa kamba za nazi na kupakwa mafuta ya papa. Na mwezi Machi 1498, watu wa Vasco da Gama walipotia nanga Msumbiji, mmoja wao aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba vyombo vya wenyeji havina misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni majamvi ya miyaa. Mreno yule aliandika kwa mshangao. Waliotazamwa nao, bila ya shaka, walikuwa na mshangao wao juu ya merikebu zilizojaa chuma, ila hatukupata daftari lao.

Kwa nini kushona, na chuma kilijulikana? Mabaharia wa zamani walikuwa na hadithi ya mlima wa sumaku uliomo baharini, ambao huvuta misumari yote ya chombo mpaka kikavunjika vipande. Watoto huipenda hadithi hiyo, na haina madhara ikisimuliwa kama hadithi. Sababu zenye uzito ni nyingine. Chuma kilikuwa ghali, nazi ilikuwa uani. Chombo kilichoshonwa kilikuwa na ulaini: kikipwelea juu ya fungu au kikikwaruza mwamba, mbao hujipinda na kurejea. Na kilikuwa rahisi kutengenezwa popote palipo na mnazi. Gharama yake ilikuwa kwamba kamba huchakaa, na chombo kilihitaji kushonwa upya kila baada ya muda.

Hapo ndipo linapokuja swali la tatu, ambalo kila mtoto mwerevu huliuliza: kama kimetobolewa tundu zote hizo, mbona maji hayaingii?

Yanaingia. Maji yaliingia kila siku na kila usiku, na ndani ya mtepe palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kufua maji bila ya kusita. Maji hukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na huko ndiko alikokuwa baharia mnyonge kuliko wote. Na hapa mwalimu anaweza kusita kidogo, akawauliza watoto maana ya methali ambayo wote wameisikia nyumbani: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi wanaijua kwa ulimi tu. Wanajua kwamba hutajwa mtu anaporejea alikotoka, au anapomalizikia pale alipopakimbia. Lakini mtoto aliyesimama kando ya chombo, akaiona omo kwa upande huu na tezi kwa upande ule, kisha akainama kutazama ngama, huipata methali kwa mwili wake. Tezini hukaa nahodha na usukani. Omoni hukaa mwenye kutazama mbele. Utatembea huku na kule ukijiona mkubwa, lakini chombo ni kimoja, na maji yakizidi, wote mtashuka ngamani kuyafua.

Ziko nyingi za namna hiyo. Dau la mnyonge haliendi joshi: nani katika watoto wa leo anajua kwamba kwenda joshi ni kukipeleka chombo karibu na uso wa upepo, jambo linalohitaji tanga zuri, foromali madhubuti na mabaharia wa kutosha, vitu ambavyo mnyonge hana? Manahodha wengi chombo huenda mrama: mrama ni kuyumba ubavu kwa ubavu, na aliyewahi kutapika baharini haulizi zaidi. Bahari haishi zinge. Neno demani lenyewe hutaja kamba ya tanga na pia hutaja majira ya mwaka, na mtoto asiyejua la kwanza atalisema la pili kama kasuku.

Washairi wa pwani walizungumza kwa lugha hii kwa sababu wasikilizaji wao waliishi ndani yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliishi katika mji ambao mfanyabiashara, askari na mtunga mashairi walikuwa wakikutana gatini. Aliposema chombo, kila mtu alikijua chombo. Msomaji wa leo wa mashairi yake huhitaji kamusi kwa maneno ambayo zamani yalikuwa ya watoto wadogo. Ndiyo maana kuwapeleka watoto katika makumbusho ya bahari si matembezi ya sikukuu peke yake. Lugha ya ushairi wa Kiswahili nusu yake imeundwa kwa mbao na kamba, na mbao hizo zisipoonekana, mashairi hubaki kama nyumba ambayo mlango wake unaonekana lakini ufunguo umepotea.

Ama nyumba yenyewe iliyouhifadhi mtepe, nayo ni sehemu ya hadithi. Sayyid Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya dhifa na shughuli za kifalme. Nguzo zake za chuma, roshani zake pana zilizozunguka pande zote, na taa za umeme zilizowashwa ndani yake, ndizo zilizowafanya watu waiite nyumba ya maajabu. Ilielekea bandarini kwa makusudi. Mwenye chombo aliyetoka Maskati, Bombay au Lamu aliiona nyumba hiyo kabla ya kuuona mji.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akajitangaza kuwa mtawala bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, ilipofika saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga. Vita vilikwisha kabla ya saa moja kutimia, na ndiyo maana vitabu vya dunia huvitaja kwa mzaha, kuwa ni vita vifupi kuliko vyote. Kwa watu wa Unguja havikuwa mzaha. Kiasi cha watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la Beit al-Hukm lilisambaratika. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulibomolewa, na mnara wa saa ulioonekana baadaye usoni mwa nyumba ulijengwa mwaka uliofuata.

Siku hiyo hiyo merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow, ambayo iliundwa Uingereza mwaka 1878 kwa amri ya Barghash, ilijibu mizinga kwa mizinga ikazamishwa pale pale bandarini. Maji hayakuwa na kina cha kuificha. Milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji mbele ya mji mpaka mwaka 1912, ilipovunjwa na kuondolewa. Kwa miaka 16 watoto wa Unguja waliokwenda kuogelea Forodhani waliitazama milingoti hiyo kila siku. Hapakuwa na kibao wala mlinzi wala kiingilio, na hapana shaka kila mmoja wao alijua ni ya nini. Huenda hayo ndiyo yaliyokuwa makumbusho ya kwanza ya bahari katika mji huu.

Lipo jambo jingine ambalo mtoto hatauliza, kwa kuwa hakuna kitu mbele yake cha kumfanya aulize, na kwa hiyo ni wajibu wa mkubwa kulisema. Vyombo hivi havikubeba nazi, boriti na pembe tu. Vilibeba watu. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa watumwa waliotolewa bara, wengine wakabaki katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa kwenda Arabuni na kwingineko. Barghash yuleyule aliyejenga nyumba ya maajabu ndiye aliyetia saini mkataba wa mwezi Juni 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, uliokataza biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Mkunazini. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka mwaka 1897.

Wako wazazi wanaoona kwamba mambo haya ni mazito kwa mtoto. Wako na walimu wanaopita haraka kwa kuogopa kumkera mtu, kwani katika visiwa hivi kila historia ina jirani yake. Lakini mtoto aliyefundishwa uzuri wa mshono wa mtepe peke yake amepewa nusu ya chombo. Atakuja kuipata nusu nyingine kwa mtu mwingine, pengine mwenye hasira, na wakati huo atajiuliza kwa nini wakubwa wake walinyamaza. Ni afadhali aisikie ngamani kwa sauti ya upole, kutoka kwa mtu anayempenda, pamoja na neno hili: waliobebwa kwa nguvu nao walijua nyimbo, dua na majina ya nyumbani kwao, na wengi wao ni mababu wa watoto waliosimama mstarini.

Nyumba ya maajabu ilipitia mikono mingi. Tangu mwaka 1911 Waingereza waliitumia kwa ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwa mikononi mwa chama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafanywa makumbusho, na mwaka 2000 huohuo Mji Mkongwe wote ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini chumvi ya bahari haisomi orodha. Chuma cha karne ya 19, chokaa na zege vilikuwa vimechoka. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka, na nyumba ikafungwa kwa wageni. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya matengenezo kwa msaada wa Omani ikiendelea, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha.

Ni vyema kulikumbuka jambo hilo la mwisho kabla ya yote. Mji uliililia nyumba, na haki yake kuililia; lakini waliokufa walikuwa mafundi, watu wa kazi, kama wale waliofua maji ngamani. Historia ya majumba makubwa huwa haiwataji.

Mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 2012 alifika umri wa darasa la tatu siku ile mnara ulipoanguka. Hakupata kupelekwa na mwalimu wake kutazama jicho la mtepe ndani ya ukumbi ule. Kaka zake na dada zake waliupata huo wasaa; yeye aliikuta nyumba imezungukwa na uzio. Makumbusho hupotea hivyo, kizazi kimoja kwa kingine, bila ya kishindo. Kishindo cha mwaka 2020 kilisikika duniani kote, lakini kwa watoto mlango ulikuwa umeshafungwa miaka minane kabla yake.

Mwambao hauna nyumba moja tu. Mombasa ipo Ngome ya Yesu, mdomoni mwa bandari ya zamani, na historia yake ya bahari inaweza kumtosha mtoto kwa siku nzima. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira, na mazingira hayo yaliendelea mpaka Desemba 1698, ngome ilipoanguka. Katikati ya muda huo, mwaka 1697, merikebu ya kivita iliyoitwa Santo António de Tanna ilitumwa kuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama chini ya kuta za ngome. Ilikaa huko kwa karibu miaka 280. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua mchanga, wakaipima ubao kwa ubao, kisha wakaufukia tena mwili wa merikebu ili bahari iendelee kuuhifadhi. Vitu vilivyotolewa, mitungi, vyombo vya kauri za China, vipande vya mbao na vya silaha, vikapandishwa ngomeni, kule kule vilikokuwa vikipelekwa. Vilichelewa karne tatu kasoro.

Ngome hiyohiyo iligeuzwa jela na Waingereza tangu 1895 mpaka 1958, ndipo ikawa hifadhi na makumbusho. Mwaka 2011 nayo ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake umo mfano mdogo wa mtepe, na mwingine umo katika makumbusho ya Lamu. Mifano midogo hiyo ndiyo iliyobaki kushuhudia umbo la chombo baada ya mitepe yenyewe kutoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Lakini kitu ambacho watoto hukipenda zaidi katika Ngome ya Yesu huenda kikawa ni ukuta. Askari na mabaharia wa Kireno, katika siku za kungoja zisizokwisha, walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, kanisa, watu, wanyama. Michoro hiyo imehifadhiwa. Haina ufundi wa wachoraji mashuhuri. Milingoti imepinda, na merikebu zimejaa kamba kupita kiasi, kwa sababu aliyechora alizijua kamba zote na hakutaka kuacha hata moja. Mtoto akiitazama huona mchoro kama wake. Hapo, bila ya mtu kumhutubia, hufahamu kwamba adui wa vitabuni alikuwa kijana aliye mbali na mama yake, aliyekuwa akichora chombo cha kumrudisha kwao.

Basi nini la kufanya na watoto wa kisiwa hiki, ambao nyumba yao ilivunjika? Jibu liko karibu kuliko Mombasa. Makumbusho ya bahari huanzia nje ya mlango. Katika Nungwi mafundi hawajaacha kuunda vyombo ufukweni kwa tezo na keekee, wakipima kwa jicho, na mtoto anaweza kuoneshwa mkuku na mataruma kabla ya mbao kuyafunika, jambo ambalo hakuna kioo cha makumbusho kiwezacho kulionesha. Katika vijiji vya pwani ya mashariki anaweza kupewa konzi ya usumba akafundishwa na bibi kusokota kwenye paja, mpaka ngozi imwashe. Ngalawa zitokapo alfajiri, anaweza kuelezwa joshi na demani huku tanga likijaa mbele yake. Maneno yakishaingia kwa njia hiyo, siku milango ya nyumba itakapomfungukia ataingia kama mwenyeji.

Watafiti wa mbali walilijua hilo zamani. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipotaka kuijua bahari hii hakwenda maktaba. Alipanda chombo cha Kikuweti mwaka 1938, akasafiri kwa upepo wa kaskazi mpaka Unguja na katika delta ya Rufiji, ambako mabaharia walizama kiunoni katika matope wakipakia boriti, kisha akarejea nao kwa kusi mwaka 1939. Picha na maandishi yake ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao juu ya safari zile. Alichokifanya ni kile afanyacho mtoto: alitazama, akagusa, akauliza.

Waundaji wa Shungwaya nao walifanya vivyo hivyo. Walizitazama picha za kale na mifano midogo iliyosalia, wakakaa na kamba mikononi, wakajaribu. Mengi ambayo mafundi wa kale waliyajua hayakuandikwa popote. Ilibidi vidole vijifunze upya. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mtepe ule kuliko hata kuoneshwa kwake. Kwa kuundwa mwaka 2003, elimu iliyokuwa imelala kwa miongo mingi ilipita tena katika mikono ya watu walio hai. Ukuta ukianguka hujengwa kwa fedha. Mkono ukisahau hufundishwa na mkono mwingine tu, na mkono huo usipopata mwanafunzi hufa na ujuzi wake.

Kwa hiyo mwalimu wa skuli ya Mjini au ya shamba, asiye na basi wala kiingilio, asingoje. Awachukue watoto kumi mpaka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, awaoneshe chombo kimoja kilicholala ubavu juu ya mchanga. Aanze na omo, aishie tezi, kisha awainamishe wote watazame ngamani. Awaambie nani aliunda, nani alisokota, nani alisafiri kwa hiari na nani alisafirishwa kwa minyororo. Awaache waguse. Na maji yatakapoanza kujaa, awarejeshe nyumbani, kila mmoja na neno moja jipya la kumuuliza babu yake.